Kilti ya Kwanza ya Kato

Nilimsikia kabla sijamwona. Kwanza ulikuja mngurumo mzito kutoka kwenye ngazi, kama ng'ombe anayeamshwa kabla ya wakati wake. Ukapanda ghorofa ya kwanza, ukapanda ya pili, na ulipofika nje ya mlango wetu wa chuma ukaota sauti ya juu, nyembamba na kali, iliyopenya kwenye tundu la ufunguo na kutuingia mifupani. Karakana yetu ilikuwa na cherehani kumi na moja, na cherehani kumi na moja hazinyamazi pamoja ila saa ya chakula. Siku ile zilinyamaza saa nne ya asubuhi.

Masta Yaqub, mwenye karakana, alikwenda kufungua mwenyewe. Nje alisimama kijana mfupi, mabega mapana, amevaa sare ya ulinzi, mfuko wa zumari umebanwa kwapani na jasho linamtiririka shingoni.

"Jana kwenye simu ulisema hushonei watu wa maigizo," alimwambia Masta kwa Kiingereza. "Nimekuja usikie kama ninaigiza."

Masta alimtazama vidole, si uso. Kisha akasogea pembeni ili apite. Ndivyo Kato alivyoingia kwetu.

Mimi naitwa Zuhura, mzaliwa wa Tanga. Pale karakana, Al Qusais, waliniita Mama Tanga, na kwa miaka ishirini na mitano nilishona humo kilti. Kwa asiyejua, kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti: sketi ya sufu ya miraba, bapa kwa mbele, marinda kwa nyuma. Dubai wapo Waskoti wa kutosha, na wapo wasio Waskoti wanaopuliza zumari za mfuko kwenye harusi na mahoteli, na wote hao lazima wavae. Sasa nimestaafu. Macho yamegoma kutunga uzi, nakaa Al Nahda kwa binti yangu, na haipiti wiki kijana hajanipigia kuniuliza anunueje kilti yake ya kwanza naye hana pesa nyingi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nitawajibu wote kupitia Kato, kwa sababu Kato alikosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa, na alipoishia yeye nikapokea mimi.

Shida yake ilikuwa hii. Alikuwa Mganda, mlinzi wa ghala moja, na zumari alijifunza kwao Kampala kwenye bendi ya vijana wa kanisa. Mkataba wake wa ulinzi ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi na kampuni ilikuwa imeshamwambia haitaurudia. Hapo hapo hoteli moja mjini ilikuwa inatafuta mpiga zumari wa kusimama mlangoni siku za harusi na karamu, kazi ya mshahara, na viza juu yao. Meneja wake alikuwa Mskoti. Kato alikwenda kumwona akiwa amevaa kilti aliyoinunua kwenye simu. Yule sir aliishika kwa vidole viwili, akaiachia, akamwambia arudi baada ya Alhamisi mbili na kilti ya kweli. Hata kumsikiliza hakumsikiliza. Akipata kilti, anabaki. Asipopata, anapanda ndege.

Akaitoa kwenye mfuko wa plastiki ili tuione. Masikini. Kitambaa kinang'aa kama karatasi ya pipi, marinda yamezunguka mwili mzima, kiunoni utepe wa kunata badala ya bizimu. Kamau, mpiga pasi wetu, Mkenya wa Nyeri asiyejua kunyamaza, aliiinua juu na kuitazama mbele na nyuma asione tofauti.

"Buda," akamuuliza, "hii ulimnunulia sista yako wa darasa la nne?"

Watu walicheka. Kato naye alicheka, lakini kwa mdomo tu.

Masta akamweleza kilti mpya ya kweli inahitaji nini: yadi nane za sufu nzito, na kazi ya mkono ya siku nyingi. Kisha akamtajia bei. Kato alitazama juu, kwenye feni, kama mtu anayehesabu panga zake. Akasema khalas, akaanza kukunja zumari. Mimi nikamwambia akae chini kwanza, kwa maana alikuwa ameulizia kitu kisicho chake. Mtu wa pesa kidogo haulizii kilti mpya.

Sikilizeni hapa, hii ndiyo sehemu mnayonipigia simu. Sufu iliyotumika ni bora kuliko nailoni mpya, mwaka wowote, mji wowote. Sufu ina uzito, na uzito ndio unaofanya marinda yarudi mahali pake mtu akitembea. Nailoni hupepea. Nunua ya mtu mkubwa kuliko wewe, usinunue ya mtu mdogo, kwa sababu kitambaa kilichozidi fundi anaweza kukificha ndani ya marinda, lakini kilichopungua hakuna fundi wa kukizaa. Ipeleke puani: ikinuka kabati ni sawa, ikinuka ukungu iache. Fungua kila rinda, utazame ndani kama nondo hajapita. Mikanda ya ngozi na bizimu zikichakaa visikutishe, hivyo hubadilishwa kwa nusu saa. Na usianze kununua koti, na kisu cha soksini, na kile kifuko cha manyoya cha mbele. Vijana wengi huanza na hivyo kwa sababu vinapendeza dukani, halafu kilti yenyewe inabaki ya kuazima.

Moja zaidi, kubwa kuliko yote: usikubali fundi yeyote akate chini.

Hilo sikulisoma popote. Nilipofika Dubai nilikuwa fundi wa sare za shule. Tanga nilishona sketi za marinda mpaka nikawa naziota, na nilidhani hakuna rinda duniani litakalonibabaisha. Wiki yangu ya pili kwa Masta Yaqub akaniachia kilti ya mpiga ngoma mmoja, ndefu kwa vidole vitatu, akaniambia niifikirie mpaka atakaporudi kutoka sokoni. Mimi sikuona cha kufikiria. Nikakata vidole vitatu kutoka chini, nikakunja upindo, nikapiga cherehani, nikapiga pasi. Aliporudi nilikuwa nimeitundika kwenye hanga nasubiri sifa.

Masta alitoka Sialkot, mji wa Pakistani ambao watu wake hushona kilti na kuchonga zumari kwa ajili ya bendi za dunia nzima. Baba yake alifanya kazi hiyo, na babu yake. Hakunifokea. Aliichukua kilti mpaka dirishani, akaiacha ining'inie kwenye mwanga, akanionyesha kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nakikata: kilti haina upindo. Chini yake ni ukingo wenyewe wa kitambaa, ulivyotoka kiwandani, usioguswa na sindano. Ndiyo maana huanguka umenyooka kama ukali wa kisu. Upindo wangu ulikuwa mzito, ukayavuta marinda yote mbele, na vazi zima likafunga mdomo kama mfuko wa viazi. Kilti ndefu hupunguzwa juu, kiunoni: unafumua bitana, unafumua mishono yote ya mkono, unakata kule, unaanza upya. Kazi ya siku nne. Mimi nilikuwa nimetumia saa moja.

Alimshonea yule mpiga ngoma nyingine kwa gharama yake. Lile pande nililokata akanipa nilishonee kimto cha pini, na pini zangu zililala humo mpaka nilipostaafu. Miaka ile cherehani zilikuwa za makoti na sare; kilti tulishona kwa mkono. Siku hizi nasikia kuna wanaopima mteja kwa picha ya simu na kukata kwa mashine, na sina ugomvi nao. Lakini chini bado hakukatwi.

Turudi kwa Kato. Siku ile ile ya kwanza nilitandika kipande cha boksi sakafuni, nikamwambia apige magoti nimpime. Urefu wa kilti hupimwa hivyo. Mtu aliyesimama huinama kutazama tepu inakwenda wapi, na akiinama tu kipimo kimepotea. Akipiga magoti mwili hunyooka wenyewe, na ukingo wa chini unatakiwa uachie upenyo wa kidole kimoja kutoka sakafuni. Kato akatazama boksi, akanitazama mimi, akatazama wale mafundi kumi. Akasema vipimo vyake ataleta mwenyewe. Kesho yake alileta karatasi ina namba mbili, kiuno na urefu. Na mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nikaipokea na kuitia kwenye mkebe wa chaki.

Ijumaa tulikwenda Mirdif. Kwenye kurasa za vitu vilivyotumika alikuwa ameona familia ya Kiskoti inayohama nchi na kuuza kila kitu, na katikati ya majiko na baiskeli palikuwa na kilti. Mirdif ni mtaa wa watu wenye magari, na sisi tulishushwa na basi mbali, tukatembea kando ya kuta za nyumba kubwa, jua likiwa juu ya vichwa vyetu na hakuna mwingine anayetembea isipokuwa mtunza bustani mmoja. Njiani Kato aliniuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Alitaka kujua ile miraba ni ya ukoo gani. Kwao Buganda kila mtu ana ukoo wake na mnyama wake. Yeye ni wa Nkima, watu wa tumbili, na alikuwa amesikia kwamba Waskoti nao kila ukoo una miraba yake.

"Sitaki kuvaa ukoo wa mtu, Maama," alisema. "Kama ni ya kwao peke yao, tunarudi."

Nilimwambia tumuulize mwenyewe. Madam alitupokea sebuleni kati ya maboksi. Kato akauliza hilo kwanza, kabla ya bei, na yule mama akatabasamu mara ya kwanza tangu tufike. Akaeleza kwamba miraba ile, kijani ya giza na buluu na mistari myeusi, ni ya kila mtu. Hata mumewe aliivaa kwa sababu ukoo wake haukuwa na miraba yake. Kilti ilikuwa ya mume huyo, mtu wa futi sita na tumbo. Niliilaza mezani nikaipitisha mkono. Sufu nzito, ukingo mzima, mshono wa mkono wa mtu anayejua kazi. Niliifahamu thamani yake, lakini uso niliuacha kama ulivyokuwa.

Bei ndiyo ilikuwa haishuki. Madam alijua anauza nini. Kato alikuwa ameshaanza kuutazama mlango wakati mtumishi wa nyumba, binti wa Kiganda aitwaye Namusoke, alipopita nyuma ya Madam na sinia, akakohoa, akanishushia macho upande wa kushoto wa kilti. Nikafungua marinda ya kushoto. La kwanza zima, la pili zima. Ndani ya la tatu nondo alikuwa amefanya karamu: tundu la kupitisha kidole gumba. Nililionyesha kwa heshima, nikasema ni jambo la kusikitisha. Madam akashusha bei, tukanunua.

Lakini kitu nilichotaka mkione Mirdif si tundu. Ni maji. Namusoke alipotuletea maji, mimi alinipa mkononi akiwa ameinama kidogo. Alipofika kwa Kato alipiga magoti kabisa pale kwenye vigae, akamsalimia kwa Kiganda, taratibu, na Kato akapokea glasi na kumjibu bila kushtuka, kama mtu anayejibu habari za asubuhi. Mtu aliyezoea kupigiwa magoti na wanawake tangu alipokuwa mtoto. Niliona, nikanywa maji yangu, nikasahau.

Wiki iliyofuata nilifumua. Mishono ya mtu mwingine ina adabu yake. Hukati ovyo, unatafuta fundo lake la mwisho na kurudi nalo nyuma. Nilifumua bitana, nikafumua mikanda, nikayafungua marinda ishirini na saba mpaka kitambaa kikalala mezani kimenyooka, kirefu kama mtaro. Nikayapanga upya, kila rinda likimeza kitambaa zaidi, ili kiuno cha mtu mnene kiwe cha Kato. Lile tundu nililipatia nyuzi za rangi zake kutoka kwenye ncha za ndani, nikalifuma kwa sindano nyembamba, mraba kwa mraba. Kisha nikachukua karatasi ya Kato kwenye mkebe. Urefu, inchi kumi na tisa. Nikakunja sehemu yote ya juu iliyozidi na kuipiga bandi, ule mshono mrefu wa muda ambao fundi huupiga kabla ya kuthubutu mkasi.

Jumatatu akaja kujaribu, mikanda ya zamani nikiwa nimeirudishia kwa muda. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Alitoka nyuma ya pazia na karakana nzima ikageuka.

Ukingo ulikuwa juu ya magoti kwa upana wa kiganja kizima.

Nilikwishawahi kuona kilti fupi, lakini ile ilikuwa haina maelezo. Kamau aliweka pasi yake wima, kwa uangalifu, kama mtu anayejiandaa kuhutubia.

"Manze, hiyo ni mini," alisema. "Upepo ukipiga kidogo pale mlangoni, hoteli inafungwa."

Walicheka mpaka mmoja akashika cherehani. Kato alijitazama chini, kisha akanitazama mimi, na nikaona anachofikiri: kwamba huyu mama wa Tanga ameniharibia. Nikamuuliza alipimia wapi. Akagusa mkanda wa suruali yake, kule chini kwenye nyonga, wanakovalia vijana. Kilti huvaliwa juu, kitovuni. Kati ya nyonga yake na kitovu chake ndiko tulikokuwa tumepoteza ule urefu.

Nashukuru ilikuwa bandi. Ningekuwa nimekata, leo nisingekuwa na uso wa kuwaandikia. Nikatandika tena lile boksi, nikamwambia haya, apige magoti tumalize.

Alitikisa kichwa. Aliongea chini ili wengine wasisikie, lakini chumba chenye cherehani zilizosimama hakina siri.

"Mimi mwanamume siwezi kupigia mwanamke magoti, Maama. Kwetu haiko. Na hawa wote wanaangalia, kesho wako na stori."

Nikamweleza kwamba magoti ni ya tepu, si yangu. Akasema anajua, na bado hawezi. Masta akapendekeza ampime yeye, akiwa amesimama. Wakajaribu, na kila mara Kato akainama kutazama, na mara tatu tukapata namba tatu. Masta akaniuliza kwa macho kama naweza kukata kwa makisio. Nikasema hapana. Mkasi unakwenda mara moja. Nikikosea tena hakuna kilti, hakuna hoteli, na Mirdif wameshafunga maboksi. Kato akasikia hapana yangu, akaanza kufungua bizimu. Ya kwanza ikafunguka. Akawa anatafuta ya pili.

Nilishuka chini kutoa pini nilizoshikia marinda ukingoni, asije akajichoma. Hiyo ndiyo sababu niliyoshuka, naapa, hapo mwanzo. Nilipiga magoti kwenye lile boksi, pini mbili mdomoni, nikanyanyua macho kumwambia atulie, na nikauona uso wake umebadilika. Mkono wake umesimama juu ya bizimu. Hapo ndipo glasi ya maji ya Namusoke iliponirudia, na nikaelewa kwamba pale nilipopiga magoti hakuona binti kama Namusoke. Alimwona mama yake.

"Maama, amka," alisema.

Nikatoa pini mdomoni. "Siamki."

"Tafadhali. Wewe ni mkubwa wa mama yangu. Si heshima hii."

"Mkubwa wa mama yako ana kazi huku chini," nikamwambia. "Ukitaka niamke, njoo uniamshe."

Alinishika kiwiko. Mimi ni mtu mzito, na sikumsaidia. Alivuta, akashindwa, akainama, akanishika kwa mikono miwili, na ili apate nguvu ya kuniinua goti lake moja likagusa boksi, kisha la pili. Tepu ilikuwa shingoni kwangu. Sikumpa nafasi ya kufikiri. Ncha moja kitovuni, ncha nyingine sakafuni, toa kidole kimoja.

"Ishirini na mbili na nusu," nikamwambia Masta, naye akaiandika kwenye kiganja chake.

Tulibaki pale tumetazamana, wote wawili magotini, kama watu waliodondosha kitu kimoja na kushuka pamoja kukiokota. Kamau aliigeukia meza yake ya pasi na kuanza kunyoosha shati ambalo lilikwisha kunyooshwa. Na aliyecheka kwanza alikuwa Kato mwenyewe, safari hii kwa tumbo.

"Umenikamata," alisema.

Nikasema ndiyo, sasa niamshe kweli, magoti yangu si ya kazi hii.

Siku mbili zilizofuata sikunyanyua kichwa. Nilikata juu, nikashona kila rinda kwa mkono kuanzia nyonga hadi kiunoni, likipungua kidogo kidogo ili mwili upate umbo, nikarudisha bitana, nikatia mikanda mipya. Kamau alipiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu, bandi za chini zikiwa bado ndani ili marinda yasisogee, bila kusema neno, na kwa Kamau kutosema neno ilikuwa zawadi. Viatu vya Kato tulivitumia vile vile vya ulinzi, vyeusi, alivyozoea kuving'arisha kila asubuhi. Shati jeupe alikuwa nalo la kanisani. Kifuko cha mbele Masta alikitoa kabatini, cha ngozi kuukuu, akasema arudishe atakaponunua chake. Mkanda akaazima kwa Kamau. Ndiyo kilti ya kwanza ya mtu wa pesa kidogo: sufu ya mtu anayehama, kifuko cha kuazima, viatu vya kazi. Hakuna aliyeitazama akaona upungufu.

Alhamisi aliondoka saa sita. Saa saba tukajifanya tunakula. Saa nane Kamau akajaribu simu ya Kato, imezimwa. Mimi nilishona mfuko wa koti la mteja mwingine, nikaushona ukazibika, ikabidi niufumue. Masta aliswali Alasiri na alikaa kwenye mswala kuliko kawaida yake.

Kato aliporudi ilikuwa karibu saa kumi, na hakupuliza zumari kwenye ngazi. Tulisikia viatu tu. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, akatueleza kwa mpangilio, kama mlinzi anayetoa ripoti ya zamu. Sir alimwambia ageuke. Akageuka. Akakaa amegeuka muda mrefu mpaka akadhani ameachwa peke yake. Yule mtu alikuwa ameinama nyuma yake, anainua rinda moja moja kwa ncha ya kalamu na kutazama ukingo wa chini. Akauliza nani ameshona. Kato akajibu, mama mmoja wa Tanga, Al Qusais. Ndipo akaambiwa, haya, sasa piga. Alipiga nyimbo mbili, na katikati ya ya tatu sir akamwinulia mkono anyamaze, kwa kuwa mtoto wa mgeni alikuwa analia. Akamwambia aanze tarehe moja. Viza wanatengeneza wao.

Masta alisema alhamdulillah, na Kamau akasema kitu cha Kikikuyu ambacho hakukitafsiri. Mimi nilimwambia Kato avue nipige bandi kwenye rinda moja ambalo niliona limelegea. Akakataa. Zamu yake ya mwisho ilikuwa imeshapita, ofisi ya kampuni ya ulinzi ilikuwa inafunga saa kumi na moja, na alitaka kurudisha sare yao leo leo. Akaikunja ile sare aliyokuwa ameiacha kwetu mchana, suruali juu ya shati, akaitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Utaingia kwenye metro hivyo?" Kamau akamuuliza. "Watakuangalia."

"Waangalie," Kato akasema.

Akaja mbele yangu, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akachukua zumari na mfuko wa sare, akatupa kisogo.

Watu wengi hawajui kwamba kazi yote ya kilti iko nyuma. Mbele ni bapa, mtu yeyote anaweza kuishona. Kwa hiyo fundi hajui alichokifanya mpaka mvaaji aondoke. Nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa haraka ili nisikose. Marinda ishirini na saba yalifunguka kwa hatua ya kwanza na kufunga kwa hatua ya pili, yote pamoja, kama pumzi ya mtu mmoja, na ukingo wa chini ukapita nyuma ya magoti umenyooka. La tatu kutoka kushoto sikuweza kuliona lilipofumwa, mimi niliyelifuma. Hakugeuka. Aliufungua mlango kwa bega, mikono ikiwa imejaa, akapita, na mlango ukajifunga nyuma yake.